Nani Kachapia Hapa?

Jumapili nilimpeleka shangazi, mgeni wangu kutoka Dodoma, akaone magofu ya Kaole, hapa Bagamoyo. Mbele yetu walikuwepo Waitaliano wawili na kijana anayewatembeza. Wakafika msikitini, kijana akanyoosha mkono: "This mosque, people build him in 13 century." Wageni wakaitikia kwa kichwa, wakapiga picha. Kivulini nyuma yetu wenzake wanne wakaangua kicheko. "Kachapia! Eti him!"

Nilipandwa na hasira mpaka shangazi akanishika mkono.

Kipi hapo hakikueleweka? Msikiti, watu, kujenga, karne ya 13. Hao Waitaliano wenyewe ung'eng'e wao wa kuombea maji tu kama wetu, na haya hawana.

Ugonjwa huu tumeutoa shuleni. Miaka saba mtoto anasomeshwa kwa Kiswahili, anajieleza, hata kubishana na mwalimu anabishana. Halafu Januari moja anaingia kidato cha kwanza, anakuta moyo, mapafu na mizizi vyote vimehamia Kiingereza. Mimi wiki ya pili nilijitia kimbelembele, nikanyoosha kidole kujibu swali la usanisinuru. Neno lenyewe la Kiingereza, photosynthesis, nikalisoma herufi kwa herufi kama lilivyo ubaoni: po-to-si-nte-sisi. Darasa likalipuka. Mwalimu naye akacheka, akajifuta machozi. Mpaka namaliza kidato cha nne naitwa Potosi, na wapo wanaoniita hivyo hadi leo, mnajijua. Basi nikajifunza kunyamaza. Kiingereza cha karatasi nilikifaulu vizuri tu, lakini mgeni akiniuliza njia ya kwenda makumbusho ya Caravan Serai naweka simu sikioni, najifanya nina maongezi.

Nenda sasa soko la samaki ufukweni. Jamaa aliyeishia darasa la saba anamuuzia mzungu pweza. Kila sentensi kakosea, Kiswahili kakichomeka katikati, wanacheka pamoja na hela inatoka. Yule hakuwahi kuitwa Potosi.

Haya, sarufi ina kazi yake, nakubali. Mkataba wa kiwanja huwezi kuusaini kwa "build him". Na mnaosema Kiswahili kwanza, niko upande wenu, ila aliyepanda ndege kutoka Italia anataka kuelezwa leo.

Tena sisi hawa hawa! Mzungu anayekuja kujifunza ngoma TaSUBa, chuo chetu cha sanaa, akisema "kitabu yangu imepotea", mama ntilie anamwita mwanangu, anamwongezea andazi. Mtoto wa Bagamoyo akiteleza neno moja, keshapata jina jipya.

Walipofika kisimani, yule mama wa Kiitaliano aliuliza kitu. Kijana akageuka kwanza, akawatazama wenzake kule kivulini. Kisha akakionyesha kisima kwa kidole, akasogea mbele.