Boila ikijifunga: mzembe ni anayebonyeza au anayesubiri?

Boila ya mvuke ikizima alfajiri kwenye kiwanda cha maziwa na lori likisubiri kupakua, amri ya meneja huwa moja: bonyeza kitufe, iwake. Mwendeshaji anayekataa kubonyeza mara ya tatu huitwa mwoga, au mvivu.

Meneja ana hoja. Mara nyingi chanzo ni kidogo tu: jicho la moto, yaani kihisi kinachotazama mwali, limeshika masizi, haliuoni, na kichomeo kinachowasha dizeli kinajifunga: kinakata mafuta na kukataa kuwaka hadi kitufe kibonyezwe, ilhali moto ulikuwepo. Likipanguswa kwa kitambaa kikavu, kazi inaendelea. Bila mvuke maziwa hayafiki nyuzi 72 za upasteurishaji, vali inayarudisha tangini, na usafishaji wa mabomba unalala.

Ila taa nyekundu ya kujifunga ni ileile, iwe ni jicho chafu au tanuru lililolowa dizeli. Chukua kichomeo cha kilo 60 za dizeli kwa saa. Kisanduku chake cha kukiongoza hukipa kama sekunde 5 kionyeshe mwali, la sivyo kinakata mafuta. Sekunde 5 ni takriban gramu 83, nusu glasi ya dizeli. Kila jaribio lisilowaka humwaga nusu glasi nyingine. Majaribio kumi, kama lita moja. Feni hupuliza tanuru kwanza, ni kweli, lakini inapeperusha gesi, si dizeli iliyokwisha kunywewa na matofali ya tanuru. Matofali yakiwa bado moto huendelea kuitoa kama gesi hata baada ya feni kumaliza. Jaribio la kumi na moja likishika, vinashika vyote kwa pamoja, na mlango wa mbele unaweza kung'oka.

Anayesimama mbele ya kisanduku bila haraka huenda anasoma. Kwenye visanduku vya Siemens vya aina ya LMO, kitufe kilekile kina kazi mbili. Ukikibonyeza kama sekunde moja, kinafungua. Ukikishikilia zaidi ya sekunde 3 boila ikiwa imejifunga, taa inamweka msimbo. Mimweko 2: mwali haukupatikana, kagua mafuta, nozeli inayoyanyunyiza, elektrodi za cheche na jicho. Mimweko 7: mwali unapotea mara kwa mara kazini, tafuta chujio lililoziba, hewa kwenye bomba la kufyonza au maji ndani ya dizeli. Mimweko 4 ndiyo ya kuogopa: jicho limeona mwanga kabla ya moto kutakiwa. Huenda vali ya mafuta inavuja. Mwenye papara hubonyeza na kuachia, na jibu linapotea.

Kwa swichi inayozima kichomeo maji ya boila yakishuka mno, meneja hana hoja yoyote. Maji yasipoonekana kwenye kioo cha kupimia, zima kichomeo, usiingize maji, iache ipoe. Na chemba ya boya linaloiendesha swichi hiyo isafishwe kila siku, maana tope likilinasa boya, swichi haikati kabisa.

Mahali pa kukutana papo: soma msimbo, bonyeza mara moja, rekebisha, bonyeza mara ya pili, ikikataa mwite fundi. Kila mara andika saa na msimbo daftarini. Mimweko 2 ikijirudia alfajiri na kamwe si mchana, kwenye nyanda za baridi, anza na dizeli iliyolala ikawa nzito, kabla ya kununua jicho jipya.