Nani kakutuma?

Nimefanya kazi ya ghala katika nchi mbili: miaka sita nyumbani, na sasa huu ni mwaka wa nane huku ughaibuni. Kila nikiwasikia wenzangu wa huku wakisema watu wa nyumbani hawajitumi, roho inaniuma, maana huyo mtu wa nyumbani ni mimi.

Kule niliwahi kubaki jioni moja kusawazisha leja, yaani daftari la hesabu ya mzigo, ambayo haikulingana na mzigo uliokuwa kwenye rafu. Haikuwa kazi yangu. Asubuhi bosi akaniuliza mbele ya wote, "Nani kakutuma?" Tangu siku hiyo nikaitwa kiherehere, nami nikajifunza kuliona kosa na kulipita.

Huku, mwezi wa kwanza tu, nilimwambia msimamizi kwamba katoni nzito zimepangwa juu na ipo siku zitamwangukia mtu. Aliacha alichokuwa akifanya, tukaenda wote hadi pale, akaniuliza mimi ningezipangaje. Kesho yake zikashushwa, na kabla ya zamu kuanza akawaambia wenzangu wazo lilikuwa la nani. Sikuongezewa hata senti. Lakini mpaka leo akija mfanyakazi mpya namfundisha bila kuagizwa.

Mwanasosholojia Peter Blau aliandika kuhusu jambo hili mwaka 1964: ukitendewa wema unajiona una deni, ila namna ya kulilipa unaichagua mwenyewe. Dennis Organ naye, mtafiti wa tabia za watu kazini, mwaka 1988 alieleza kwamba juhudi za namna hii hazimo katika majukumu ya mtu, na mfumo wa malipo hauzitambui moja kwa moja. Ni hiari. Ndiyo maana nasema siri ya kujituma si ughaibuni. Hukuhuku nilipata msimamizi mwingine aliyeugeuza msaada wangu kuwa haki yake, akanibebesha mafunzo ya wafanyakazi wapya wote juu ya kazi za zamu yangu. Wiki chache tu nikawa natazama saa kama nilivyokuwa nikiitazama nyumbani.

Bosi wangu wa kule hakuwa mtu mbaya. Kosa la leja likijulikana, wakubwa wake wangemuuliza yeye alikuwa wapi. Alinikaripia kwa hofu, na hofu hiyo ikashuka hadi kwetu sote. Laiti angeniita pembeni, tukaifungua leja pamoja, ningebaki hata jioni ya pili.