Wapeni vijana shamba wabishane

Kijana wa miaka 15 ukimpa picha za wadudu akariri, atazikariri, atafaulu mtihani, na mwezi ukipita zimeshamtoka. Mpeleke shambani na wenzake watatu, wape kioo cha kukuzia, koleo na daftari, kisha waambie upande wa pili kuna timu nyingine. Watapiga magoti kwenye tope bila kusukumwa.

Katika majimbo ya Marekani kama Iowa na Nebraska vijana hushindana hivi kukagua mazao, na mimi natamani jambo hili lifike kila panapolimwa. Lakini nina sharti moja ambalo silegezi: alama zitolewe kwa sababu walizozitoa, si kwa jina la mdudu peke yake, wala si kwa kumaliza mapema.

Niliwahi kusimama karibu na timu iliyozunguka mmea wa mahindi wenye majani ya njano. "Naitrojeni hiyo," mmoja akasema, kalamu tayari mkononi. Mwenzake akachuchumaa, akalishika jani la chini kabisa. "Ngoja. Mbona njano iko pembeni, katikati bado kijani?" Alikuwa sahihi kuuliza. Naitrojeni ikipungua, njano huanzia kwenye ncha ya jani na kuingia katikati kwa umbo la V. Kingo zikitangulia kukauka, shuku potasiamu. Wakabishana hadi wakachimba. Mizizi ilikuwa mifupi, imebanwa na udongo ulioshindiliwa. Shida ilianzia huko chini, na yule wa kwanza angekuwa peke yake angeshaandika naitrojeni akaondoka.

Kuhesabu nako kunahitaji timu. Huwezi kukagua shamba kwa kuchungulia ukingoni: unapita kwa njia ya herufi W, unasimama sehemu tano, kila mahali unakagua mimea kumi au ishirini na kuandika ni mingapi yenye viwavijeshi ndani ya moyo wake. Mmoja anafunua majani, mmoja anaandika, mmoja anahakiki.

Hesabu hiyo ndiyo iamue kama dawa ipulizwe. Mtaalamu wa wadudu Vernon Stern na wenzake wa California waliliweka wazi hilo mwaka 1959: kumwona mdudu hakutoshi, angalia idadi yake, na kama hasara inayokuja inazidi gharama ya kuizuia. Kwa hiyo waandaaji wasikose kutenga kipande kimoja chenye vidukari wachache na wadudu rafiki wengi wanaowala, ambapo jibu lenye alama zote ni "tusipulize, turudi baada ya siku chache". Watu wazima wengi jibu hilo linatushinda.

Kwenye kipande cha namna hiyo nilimwona kijana amenyoosha kidole kumponda lava, yaani mdudu mchanga, mweusi, mwenye madoa ya rangi ya chungwa na vijimiba mgongoni, anayetisha kuliko vidukari anaowala. Mwenzake akamdaka mkono.

"Mwache ale."