Posho Yangu Imetiririka

Mhasibu wetu wa Nansio, kisiwani Ukerewe, ana kipaji. Anapiga simu sekunde ileile ninayotia tonge la ugali mdomoni. "Fundi, ikoni naiona, nabonyeza, inazunguka tu. Programu mmeipeleka wapi?" Haijapelekwa popote dada yangu, inakuja. "Inakuja kutoka wapi?" Kwenye seva, ile kompyuta mama, Dar es Salaam. "Juzi si ilikuwa hapahapa? Nani kaipeleka Dar?"

Jamani, nijibieni nyie.

Zamani mambo yalikuwa wazi. Programu ilikaa ndani ya kompyuta, na asiye nayo alimwita fundi. Ukerewe wakitakiwa kuwekewa toleo jipya la mishahara, fundi alipanda meli na flashi mfukoni, akashuka Nansio, akasakinisha mashine moja asubuhi, nyingine jioni, kwa umakini mkubwa, maana kazi ya kitaalamu haina haraka. Usiku analala kwa posho. Siku ya kurudi anabeba sato wa maana, na mama watoto anafungua mlango kabla hata ya hodi.

Ndipo wakaja wataalamu na projekta, wakasema programu hazisakinishwi tena mashine kwa mashine, sasa zinatiririka kutoka kwenye seva. Kwanza walitupa historia: kulikuwa na kampuni moja Boston, Softricity, yenye kitu cha kazi hiyo kinaitwa SoftGrid, Microsoft wakainunua 2006, kitu kikageuka App-V. VMware nao 2008 wakachukua Thinstall, wakaiita ThinApp. Citrix ndiyo usiseme: MetaFrame, mara Presentation Server, mara XenApp, tangu 2018 Virtual Apps. Mtu anayebadilisha majina hivyo huku Kirumba, Mwanza, tungeshamuuliza anadaiwa na nani.

Sikatai, wazo lenyewe lina akili. Kila programu inafungiwa kwenye kiputo chake, ina mafaili yake na rejistri yake ya bandia, yaani daftari la mipangilio, inajiona iko peke yake kwenye mashine. Sisi tulikuwa na programu ya stoo inayotaka Java (programu saidizi) ya zamani, na ya malipo inayotaka Java mpya. Kuziweka kompyuta moja ilikuwa ni wake wenza jiko moja: ukimpikia huyu, yule anazira. Kwenye viputo zimetulia, hazijuani kabisa. Hapo nawavulia kofia.

Kilichoniuma ni ile slaidi iliyofuata. "Faida ya tatu: kupunguza gharama za safari za mafundi." Bosi akatikisa kichwa kwa furaha, akaandika. Ile gharama ni mimi! Ile gharama ndiyo iliyoezeka nyumba yangu Buhongwa mpaka pale lilipofika bati.

Nikajipa moyo kwamba angalau safari moja ipo, ya kwenda kuweka kile kiprogramu cha kupokelea hizo zinazotiririka. Wapi! Tangu 2016 Microsoft wamekitia ndani ya Windows 10 Enterprise yenyewe, unakiwasha kwa amri ukiwa umekaa kwenye kiti chako Mwanza, unakunywa chai ya rangi.

Sasa safari zimekufa, lakini lawama ndiyo kwanza zimepata ajira. Sikilizeni inavyokuwa. Anayefungasha programu anatakiwa achukue mashine safi, haina hata mchezo wa karata, awashe kirekodi, asakinishe huku kila faili linaloingia linaandikwa. Kisha aifungue programu, apitepite kule watu wanakotumia kila siku. Vipande alivyovigusa ndivyo vitatangulia kuteremka kwa mtumiaji. Vingine vinabaki kwenye seva hadi mtu avihitaji.

Aliyefungasha ya kwetu ni kijana wa hukohuko Dar, nadhifu, kiatu kimechongoka. Aliifungua, akaona imefunguka, akaifunga. Hakugusa Chapisha. Mhasibu gani duniani hachapishi? Basi dada wa Nansio anafungua programu upesi, anaingiza takwimu zake, roho kwatu. Mwisho wa mwezi, mkurugenzi kasimama mgongoni anasubiri ripoti, anabonyeza Chapisha. Hapo ndipo kipande cha kuchapisha kinafunga mizigo Dar es Salaam kuja Ukerewe, na mtandao wenyewe ni ule ambao wingu likitanda tu juu ya ziwa unaanza kukohoa. Kikishafika kinatunzwa kwenye mashine, hakisafiri tena. Lakini kimefika kwenye mashine hiyo moja. Jirani yake akibonyeza, safari upya. Kipande cha programu kinasafiri kuliko mimi, na hakijazi hata fomu ya masurufu.

Dawa ipo, msinione mjinga. Unaweza kuamuru pakeji yote iteremke, asilimia 100, hata mtandao ukikatika mtu anaendelea na kazi. Nikapanga iteremke usiku, njia ikiwa nyeupe. Sasa ukutani Nansio kuna tangazo lenye muhuri na saini ya meneja: ZIMA KILA KITU KABLA YA KUTOKA. Mlinzi akiona kitaa kimoja kinapepesa anachomoa hadi ekstensheni, kisha kwenye tundu hilohilo anachomeka simu yake na redio. Nikimpigia kumbembeleza ananiambia, "Bosi, maagizo ni maagizo."

Nikaenda kwa bosi wetu, mzee mwenyewe, nikamwomba nivuke nikazipakie kwa mkono. Akavua miwani. "Ng'wanawane, si mlisema zinatiririka?"

Sengerema nako, ambako nilikuwa nikisingizia foleni ya kivuko nikalala huko, Juni 2025 wakafungua daraja la Kigongo–Busisi. Kilomita kama 3, lami safi, unaenda na kurudi jua halijazama. Nalipenda daraja letu, nimeshapiga na picha pale. Ila hawakunifikiria.

Basi nimerudi kwenye vitabu, na nimekutana na sentensi moja tamu: App-V haifungashi programu inayokuja na dreva, yaani kiprogramu cha kuendeshea kifaa. Dreva lazima iwekwe kwenye mashine yenyewe. Nimeisoma kwa sauti. Siku hiyohiyo nikaandika dokezo kwamba ofisi ya Nansio haina mashine ya mahudhurio ya alama za vidole, na kwamba nidhamu ya kazi kule inanitia wasiwasi mkubwa.

Mzee ameafiki. Swali lake ni moja tu, kwa nini nimeomba kulala usiku tatu. Nimemjibu kwa maandishi kuwa dreva za vidole huhitaji muda wa kuwazoea watumishi, hasa wavuvi.