Maneno ya Kiingereza yanayofanana: tuache orodha, tufundishe kwa sikio

Kila mwaka wanafunzi wa Lamu hupewa ile orodha. Upande wa kushoto "affect", upande wa kulia "effect". Chini yake "principal" na "principle", "lose" na "loose", "stationary" na "stationery", mpaka ukurasa ujae. Mtoto anaambiwa akariri, wiki ijayo ataulizwa. Mimi huketi jioni na vijana wa mtaa wetu wa Langoni kuwasaidia Kiingereza, na msimamo wangu ni huu: orodha hiyo ndiyo inayowachanganya. Maneno mawili ambayo mtoto hajawahi kuyakutanisha yanawekwa bega kwa bega, yanaingia kichwani pamoja, na tangu siku hiyo kila akilitafuta moja yanamjia yote mawili.

Ushahidi tunao katika lugha yetu wenyewe. Hapa Amu, yaani Lamu, mama akisema "ndoo", anamwita mtoto aje. Kwenye vitabu vya shule ndoo ni ya kutekea maji. Mtoto wa mtaa wa Mkomani anaishi na maneno hayo mawili tangu hajaota meno, na akiitwa anakuja, akiagizwa ndoo analeta ndoo. Hakuna aliyemwandikia orodha. Kila neno lilimjia siku yake, na kazi yake, kwa sauti ya mtu anayemjua.

Tena tuna paa la nyumba na paa wa porini, kaa la moto na kaa wa mikokoni. Kwa maandishi ni mamoja. Lakini msikilize mvuvi wa hapa akisema: yule mnyama na yule wa mikokoni hutamkwa kwa pumzi inayopulizwa baada ya herufi ya kwanza, na paa la nyumba na kaa la moto havina pumzi hiyo. Tahajia sanifu, iliyojengwa juu ya Kiunguja baada ya mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, haikuiwekea pumzi hiyo alama. Hatukupotea. Na kabla ya tahajia hiyo wazee wetu waliandika kwa herufi za Kiarabu, zenye alama tatu za irabu, ilhali Kiswahili kina irabu tano. E na i ziligawana alama moja, o na u zikagawana nyingine. Aliyesoma utenzi alilijua neno kwa kuyatazama maneno yaliyo jirani nalo. Watu wenye urithi huo wa kusoma hawana sababu ya kutishwa na "affect" na "effect".

Niseme zaidi juu ya hayo mawili, maana ndiyo yanayosumbua hata watu wazima wenye vyeti. Sisi tuna "athiri" na "athari". Herufi moja tu inayatenga, mzizi ni mmoja wa Kiarabu, na moja ni kitendo, lingine ni jina. Ukame umeathiri wafugaji. Athari za ukame ni hizi. Nani kati yetu huyakosea? Basi "affect" ni kuathiri, "effect" ni athari. Kijana akishika hilo, mengi ya anayoandika yatakuwa sawa. Baadaye, akikomaa, ataonyeshwa kwamba "effect" nayo huweza kuwa kitendo, kwa maana ya kuleta jambo hadi likatimia, kama katika "effect change". Siku ya kwanza asiambiwe. Walimu wengi hukimbilia mambo nadra na yasiyo ya kawaida kabla ya kawaida yenyewe kukaa, na hapo ndipo kazi yote inapomwagika.

"Advise" na "advice" vivyo hivyo: kushauri na ushauri. Hapa sikio linasaidia pia, kwa kuwa la kwanza linaishia kwa sauti ya z na la pili kwa s. "Lose" ina z, "loose" ina s. Mtu anayetofautisha "zana" na "sana" tangu utotoni hana tabu ya kuzisikia, mradi mwalimu azitamke kwa sauti, tena ndani ya sentensi: kamba ya mashua imelegea, hiyo ni "loose", usije ukapoteza nanga, hiyo ni "lose".

Irabu ndizo zinazotaka subira. Kiingereza cha Uingereza kina sauti za irabu zinazokaribia 20, na sisi tuna tano, kwa hiyo "live", kuishi, na "leave", kuondoka, au "ship", meli, na "sheep", kondoo, humwingia mtoto kama neno moja. Mimi huanzia kwa "kufa" na "kufaa". Watoto wanajua vizuri kwamba kurefusha irabu kunabadili maana. Halafu nawaambia kwamba katika Kiingereza urefu peke yake hautoshi, mdomo nao hubadilika, na tunatamka pamoja hadi midomo izoee.

Ule ujanja wa Waingereza wa kukumbuka kwamba "principal" ni rafiki yako kwa sababu ndani yake mna "pal" unamfaa mtoto ambaye "pal" ni neno la kwao. Wetu inabidi akariri mambo mawili badala ya moja. Heri umwambie mwalimu mkuu ni "principal", kanuni ni "principle", umtungie sentensi mbili kila moja siku yake, mwendelee.

Lakini hadithi ya neno yenyewe ni jambo jingine, na hapo sioni haya kutumia nusu saa nzima. Chukua "stationery", ambalo ukitembea Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu, au mji wowote wa Kenya utaliona limeandikwa kwa "a" kwenye vibao vya maduka ya kupigia chapa na kuuzia madaftari. Zamani za kati huko Ulaya wachuuzi wengi walizunguka na bidhaa zao. Muuza vitabu, hasa karibu na vyuo vikuu, alikuwa na mahali pake pa kudumu, akaitwa kwa Kilatini "stationarius", mwenye kituo. Waingereza wakamwita "stationer", na chama chao cha London kilipata hati ya kifalme mwaka 1557. Anachouza "stationer" ni "stationery", ile "er" yake imebaki humo. "Stationary" ya "a" ni kile kilichosimama mahali pamoja. Kijana aliyesikia habari ya muuza vitabu aliyekaa wakati wenzake wanazunguka hulikumbuka neno pamoja na mtu wake.

Kinachonikera ni mtihani. Katika karatasi ya kwanza ya Kiingereza ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, alama 30 kati ya 60 ni za stadi za kusikiliza na kuzungumza, na zote hujibiwa kwa kuandika. Mtahiniwa huweza kutakiwa aandike neno linalotamkwa sawa na "key", na jibu likawa "quay", yaani gati. Mtoto wa Lamu amekulia gatini, anayaona kila asubuhi majahazi yakishusha mizigo, lakini kama hajawahi kumsikia mtu akilitamka neno hilo ataliandika kwa kubahatisha au aliache. Kwa kweli hata Waingereza wa zamani waliliandika karibu na linavyotamkwa, kabla ya tahajia ya Kifaransa kuwaingilia. Nataka mtihani wa kuzungumza umsikilize mtoto akizungumza. Ni ghali, najua, lakini mtihani wa maandishi humlipa aliyekariri orodha, na shule zitaendelea kuzigawa maadamu zinalipa.

Wahudumu wa hoteli za Shela nao wana lao: "dessert", kitamutamu cha baada ya chakula, huandikwa "desert", jangwa, kwenye orodha za vyakula. Mgeni anaelewa, haidhuru.

Inayodhuru ni "inflammable". Petroli inapita mikononi mwetu kila siku, kwenye madumu ya mashini za boti ziendazo Mokowe, Faza na Kiunga. Kijana amefundishwa kwamba "in" mwanzoni mwa neno hukanusha: "invisible" kisichoonekana, "incomplete" kisichokamilika. Akikuta "inflammable" ana kila sababu ya kudhani kitu hicho hakishiki moto. Kinashika, tena upesi. "In" hii imetoka katika Kilatini "inflammare", kuwasha moto, na maana ya neno ni ileile ya "flammable". Hatari hiyo iliwashtua wataalamu wa kuzuia moto huko Marekani, na tangu miaka ya 1920 walihimiza watu waandike "flammable". Kisichoshika moto ni "non-flammable".

Kijana anayeshika mashini ya boti mimi humwanzia na neno hili, hayo mengine yatafuata. Na ningeomba wauza mafuta wetu waandike ubavuni mwa kila dumu, kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa: PETROLI, INASHIKA MOTO, USIVUTE SIGARA HAPA.