Muuguzaji Hufiwa Kabla ya Matanga

Kwetu Pemba mtu akifa, hakuna anayeuliza afanye nini. Habari ikishatoka msikitini, wanaume wanakwenda kuchimba kaburi, kina mama wanafika na mchele na nazi, mikeka inatandikwa, mfiwa anakalishwa asishike kitu. Hata mwenye ugomvi na ile nyumba huja. Naupenda utaratibu huu na sitaki upungue. Lakini unamfikia muuguzaji wakati yeye ameshalia mwaka mzima peke yake.

Nilimuuguza mama yangu nyumbani kwetu Wete baada ya kupata kiharusi. Upande wa kulia ulipooza, ulimi ukawa mzito, kisha taratibu na kumbukumbu zikaanza kumtoka. Wageni waliokuja kumtazama waliona mgonjwa kalala. Mimi nilikuwa nikiutazama mkono wake wa kushoto. Jioni ulishika pindo la kanga na kulichambua kwa kidole gumba na cha shahada, vile vile alivyokuwa akitenga karafuu na makonyo msimu wa mavuno. Akishatenga, hurusha makonyo kando, pasipokuwa na kitu. Uso umetulia, yuko kazini. Nami nimekaa ubavuni pake na bakuli la uji, na yeye ananiita kwa jina la dada yake aliyefariki zamani.

Mimi nilifiwa siku zile. Ila ningemwambia nani? Ukisema umempoteza mama, na mama yumo chumbani anapumua, utaambiwa unamtabiria.

Mtaalamu mmoja wa Marekani, Pauline Boss, alianza kuliandika jambo hili miaka ya 1970, alipochunguza familia za wanajeshi waliopotea katika vita vya Vietnam. Baadaye akazitazama na familia za wagonjwa wa kusahau. Aliona kwamba mtu anapokuwa hayupo lakini hajazikwa, au yupo lakini akili yake imeshaondoka, huzuni ya watu wake hukwama, kwa sababu haina siku ya kuanzia wala ya kuishia.

Nilipolisoma hilo nilimkumbuka Nabii Yakub. Katika Surat Yusuf, aya ya 84, macho yake yanakuwa meupe kwa huzuni, na mtoto anayemlilia yuko hai, yuko Misri. Wanawe wanamlaumu kwa kumtaja Yusuf kila siku. Anawajibu kwamba huzuni yake anamshitakia Mwenyezi Mungu. Na huyu ndiye yule yule aliyesema "subira njema". Subira na machozi vilikaa kwa mtu mmoja, tena Mtume. Kwa hivyo anayemwambia muuguzaji asilie, eti atapunguza thawabu zake, mimi simkubalii.

Kuna na aya nyingine, ya 23 katika Surat Al-Israa, inayotukataza kuwaambia wazazi hata "ah". Naiamini kwa moyo wote. Kinachoniuma ni kwamba husomewa binti aliyebaki nyumbani, wakati ndugu zake walioko Unguja, Dar es Salaam na Maskati nao ni watoto wa mama huyo huyo. Pesa wanaleta, si haba. Lakini mgonjwa asiyeweza kujigeuza hutakiwa ageuzwe kila baada ya saa 2 hivi asipate vidonda, usiku na mchana, na pesa haiamki saa nane za usiku. Serikali yetu ya Zanzibar tangu mwaka 2016 inawapa Pensheni Jamii wazee waliotimiza miaka 70, jambo jema sana. Anayewauguza hana fungu lake, na kwenye familia nyingi hata zamu ya kupumzika hana.

Siku ya mazishi nikaambiwa, "Pole mwanangu, sasa umepumzika." Waliosema walinipenda. Ila usiku niliamka kumgeuza mtu asiyekuwepo. Mjane ana eda yake, miezi 4 na siku 10, na mtaa mzima unaijua na kuiheshimu. Mtoto aliyeuguza, mikeka ikishakunjwa, anategemewa arudi kwenye shughuli zake kama kawaida. Sitaki tuzushe jambo katika dini. Nataka majirani na jamaa wakumbuke tu kwamba naye ameondokewa na mtu, na pia na kazi iliyokuwa imeshika kila saa ya siku yake.

Watu huniuliza nilipata nini katika miaka ile. Siamini kwamba mama alipooza ili mimi nifundishwe. Lakini nilikuwa nikimpaka mafuta ya nazi miguuni, na siku moja nikaona kovu kwenye muundi ambalo sikuwahi kuliona, maana mama hakuwa mtu wa kukubali kutumikiwa. Mama mkubwa akanihadithia: mama alianguka mkarafuuni akiwa msichana, akalificha jeraha asipigwe. Wakati yeye ananisahau, mimi ndiyo kwanza nazidi kumjua. Hilo silibadilishi na kitu.

Basi ukienda kumtazama mgonjwa, muulize na anayemuuguza kalala saa ngapi, umwambie akalale, wewe umebaki. Nenda zaidi mwaka wa pili. Wiki ya kwanza wageni huwa tele na machungwa huozea pembeni. Na baada ya arubaini rudi tena, umwache asimulie, hata kama ni habari za vidonda na choo.

Mtaani kwetu yuko msichana anayemuuguza bibi yake. Jumamosi mimi hukaa na bibi, yeye akalala chumba cha pili. Nimeomba namba za ami zake walioko Unguja, nimewapigia waje kwa zamu. Mmoja ameshakuja. Waliobaki bado nawapigia.