Mashine za masikio zisizohitaji cheti cha daktari: ubora wa sauti na thamani ya fedha

Tangu Oktoba 17, 2022, Marekani inamruhusu mtu mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea, anayehisi kwamba usikivu wake umepungua kwa kiwango kidogo au cha wastani, kujinunulia kisaidizi cha kusikia bila cheti cha daktari. Vifaa hivi, ambavyo wengi wetu tunaviita mashine za masikio, vinaweza kumfikia mzee wa Ngamiani hapa Tanga kwa mkono wa ndugu aliyetoka ughaibuni au kwa kuagizwa mtandaoni, ambako huuzwa bega kwa bega na vikuza sauti vya bei ya chini vinavyofanana navyo kwa sura. La kuuliza si kama kifaa kinaongeza sauti, kwa maana vyote vinaongeza, bali kama kinaongeza ile sauti ambayo mzee ameipoteza.

Usikivu wa uzeeni kwa kawaida huanza kupungua kwenye sauti nyembamba. Mzee husikia vizuri lori linalopita na hutambua kwamba anasemeshwa, lakini herufi kama s, f, sh na t humponyoka, hata "saa" na "taa" zikamfikia kama neno moja. Kikuza sauti duni hupandisha kila kitu kwa pamoja, yaani feni, bodaboda, sufuria zinazosuguliwa uani na maneno ya mjukuu, na maneno hayo hubaki yamezama palepale yalipokuwa. Kifaa cha kweli hupandisha zaidi masafa, yaani viwango vya wembamba na uzito wa sauti, ambayo sikio limeyapoteza, na hubana sauti kubwa za ghafla zisiumize.

Kanuni za Marekani zimeweka vipimo ambavyo mnunuzi wa hapa anaweza kuvitumia kama kipimo chake mwenyewe. Kifaa kinatakiwa kipokee masafa yanayoanzia hezi 250 (hezi ni kipimo cha masafa) au chini ya hapo hadi hezi 5,000 au zaidi, kisicheleweshe sauti kwa zaidi ya milisekunde 15, na ukubwa wa sauti yake usivuke desibeli 111, au 117 ikiwa kina mfumo wa kubana sauti. Muuzaji asiyeweza kuonyesha takwimu hizo popote, huku akisifia "nguvu" ya mashine yake, kwa maoni yangu hastahili fedha ya mtu.

Upande unaotetea vifaa hivi una hoja nzito. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Pretoria, uliochapishwa mwaka 2023 na kuhusisha watu 64, ulilinganisha kifaa ambacho mtumiaji hujirekebishia kwa simu na kifaa hichohicho kilichorekebishwa na mtaalamu, na baada ya wiki sita matokeo hayakupishana kwa kiasi cha maana. Kwa anayeishi mbali na mtaalamu wa usikivu, hilo si jambo dogo. Lakini utafiti wa awali wa Chuo Kikuu cha Indiana, wa mwaka 2017 na wenye washiriki 154, unatia tahadhari: waliojichagulia vifaa walinufaika karibu sawa na waliohudumiwa na wataalamu, ila hawakuridhika kama wao, na wachache zaidi kati yao walitaka kubaki na vifaa baada ya majaribio. Kusikia ni jambo moja. Kukizoea kifaa hadi sauti yako mwenyewe isikukere ni jingine, na hapo ndipo mtaalamu anapostahili ujira wake.

Kujirekebishia kwa simu nako kuna masharti ambayo nyumba zetu haziyatimizi kirahisi. Jaribio la kupima usikivu kwenye simu hutoa milio midogo, na mtumiaji hugusa kioo kila anapousikia mmoja. Feni ikiwa inazunguka, muungurumo wake hufunika milio mizito, programu ikadhani sikio limeharibika kuliko lilivyo, na kifaa kikapangwa kupayuka pasipohitajika. Afadhali lifanywe usiku, feni imezimwa, pamoja na mtu wa kumfafanulia mzee maelekezo, ambayo mara nyingi ni ya Kiingereza.

Kuhusu bei, AirPods Pro 2 za Apple, yaani vipokea sauti vya masikioni visivyo na waya, ambazo programu yake ya kusaidia kusikia iliidhinishwa Marekani Septemba 2024, ziliuzwa huko kwa dola 249. Ni rahisi mno zikilinganishwa na jozi ya vifaa vya kliniki, ambayo nchini humo hufika maelfu ya dola. Hata hivyo zinahitaji iPhone au iPad ya kuzipangia, chaji yake ni ya saa kama sita, na mzee anayekaa barazani na plagi nyeupe masikioni atadhaniwa anasikiliza muziki, jambo ambalo wengine hawatalivumilia. Vinavyotumia betri ndogo za zinki vina gharama isiyokwisha, tena betri zenyewe si za kuzikuta katika kila duka. Kwa jasho na unyevu wa pwani yetu, ningechagua cha kuchaji, na usiku kikae ndani ya kopo lililofungwa lenye vifuko vya kukausha unyevu.

Fedha ya kwanza, hata hivyo, ningeitoa kwa anayechungulia sikio, kwa sababu nta iliyoziba hupunguza usikivu na kuiondoa ni kazi ya dakika chache. Aliyepoteza usikivu ghafla, anayesikia kwa upande mmoja tu, au anayetokwa na usaha au kupata kizunguzungu, asinunue chochote kwanza. Upotevu wa ghafla hasa una dawa, na dawa hiyo hufaa zaidi ikianza ndani ya siku za mwanzo.